Nyumba Isiyo na Sukari

Rookmeen aliitoa sukari yote jikoni mwake siku ya Jumatatu, akaipeleka mpaka kwenye uzio wa nyuma na kumpa wifi yake. Wifi huyo, Saroj, alikuwa anapika vitu vitamu vya kuuza sokoni, kwa hiyo sukari kwake haikuwa mzigo. Aliupokea mfuko akaupimapima mkononi.

"Hii ni zawadi au ni tusi?" aliuliza.

"Ni sukari, wifi. Mimi siihitaji tena."

"Na Baba?"

Rookmeen aligeuka akarudi jikoni. Baba mwenyewe, mzee Soondar, alikuwa barazani anasubiri chai yake ya alasiri. Ilipoletwa alipiga funda moja, akalitema kwenye chungu cha maua.

"Umesahau kitu."

"Sijasahau, Baba. Imekwisha humu ndani."

"Ikiisha inanunuliwa."

"Hainunuliwi tena."

Mzee alimtazama mke wa mwanawe kama anayetazama mbwa wa jirani aliyeingia sebuleni. Tangu ujana wake mpaka kiwanda cha Mare Citron kilipofungwa, kazi yake ilikuwa kupika sukari. Alisimama mbele ya sufuria kubwa kama chumba, ndiye aliyeamua ni wakati gani maji ya miwa yameiva na kuanza kuganda chembe. Kiwanda kilibaki bomba la moshi tu, juu yake wamejaa njiwa, lakini kijijini watu bado walimwita Mpishi. Sasa amezeeka, amefiwa na mke, anaishi kwa mwanawe Anoop, na binti wa watu kutoka Flacq anamwambia sukari hainunuliwi.

"Huko kwenu Flacq mnakunywa nini? Maji ya kuoshea vyombo?"

"Tunakunywa chai, Baba."

"Basi rudi ukanywe."

Aliyesababisha yote hayo alikuwa Anoop. Alikuwa dereva wa lori la matofali, na wiki chache nyuma alianza kuona vibao viwili vya barabarani mahali palipo na kimoja. Zahanati walimpima damu, wakampima tena, kisha daktari akamwambia kwamba akiendelea kula sukari hivi ataanza kupoteza lori, halafu macho, halafu miguu. Anoop alirudi nyumbani akala biskuti tatu za rangi ya waridi akiwa amesimama. Rookmeen alimwona. Hakupiga kelele. Alisubiri amalize, akachukua pakiti iliyobaki akaitupa.

Hapo ndipo vita ilipoanza. Soda ziliondoka, maziwa ya kopo yakaondoka, jemu ikaondoka. Chai ya vanila ilipikwa kavu, bila sukari. Anoop alikuwa mtu wa kutazama sahani yake watu wakigombana, akaendelea kuitazama. Mzee naye aliona kila kilichotolewa kimetolewa mdomoni mwake kwa makusudi.

"Mimi nina kisukari tangu wewe hujaolewa," alimwambia Rookmeen mezani. "Nameza vidonge vyangu. Nimekufa?"

"Bado."

"Umesikia, Anoop? Mkeo anasema bado."

Anoop akaongeza mchuzi wa nyanya kwenye wali wake.

Kilichochafua mambo zaidi ilikuwa Divali, sikukuu ya taa ya Wahindu. Mare Citron, siku hiyo, kila nyumba hupeleka sahani kwa jirani: viazi vitamu vilivyojazwa nazi na kukaangwa, maandazi ya maziwa yaliyoloweshwa shira, halua. Rookmeen aliwasha taa zake ukutani vizuri kama wote, akavaa sari yake ya kijani, kisha akazungusha sahani za bajia za dengu zenye pilipili.

Saroj alimfuata mpaka kwenye uzio, mikono imejaa unga.

"Wifi, mimi nimepita kwa watu wanne, wote wanaona hamna kitamu, wananiuliza mmefiwa na nani."

"Waambie hatujafiwa. Ndiyo maana nimepika hivi."

"Unatuaibisha. Watu wanatuletea vitu vitamu, sisi tunawarudishia pilipili. Hata kama mna shida, ungeniambia mimi nipike."

"Hatuna shida. Na nyumba ni yangu."

"Nyumba ni ya mama yangu," Saroj alisema. "Wewe umeikuta."

Baada ya hapo hawakusemeshana tena. Usiku uleule mzee Soondar alitangaza kwamba hatatia mdomoni chakula cha jiko la Rookmeen mpaka sukari irudi. Akawa anapita kwenye tundu la uzio kila asubuhi kwenda kula kwa Saroj, akirudi na makombo ya halua kwenye shati bila kuyapangusa, ayaone huyo anayetakiwa kuyaona.

Ikafika siku moja Saroj alidamka mapema sana kwenda mnada wa Mahébourg, akafunga nyumba. Mzee alikuta mlango una kufuli. Akarudi, akakaa barazani. Rookmeen alimtolea mkate na samaki wa chumvi. Aliusukuma.

"Nimesema."

"Umesema, Baba. Lakini umeshameza vidonge?"

"Vidonge si vya jiko lako."

Alikuwa amevimeza. Katika mambo ya vidonge alikuwa mtiifu kama mtoto wa shule. Mchana Rookmeen alimpelekea wali na majani ya mlonge, ukarudi na nzi. Alimwambia, "Kaa na njaa yako basi," akaenda kufua.

Alasiri aliporudi na beseni alimkuta mzee amelowa jasho. Shati limemgandia mgongoni na mikono inatetemeka. Alidhani ni homa, akamgusa paji la uso, akakuta ni baridi.

"Baba?"

Mzee alimtazama bila kumjua. Alianza kuzungumza habari za mvuke, kwamba nani amefungua mvuke, sufuria itaharibika. Rookmeen alipojaribu kumwinua alimpiga kofi. Halikuwa kofi la nguvu, lakini lilitua shavuni.

Rookmeen aliijua hali ile. Muuguzi alimweleza Anoop mbele yake: mtu wa vidonge akikaa bila kula, sukari ya damu yake inaweza kushuka hadi kumuua, na akitokwa jasho baridi na kuchanganyikiwa mpe kitu kitamu hapohapo kabla hajapoteza fahamu. Akakimbilia jikoni. Akafungua kabati moja, jingine, friji. Ndizi zilikuwa mbichi. Alikuwa ameifanya kazi yake vizuri mno. Nyumba nzima haikuwa na kijiko kimoja cha kitu kitamu.

Alisikia geti la nyuma likilia. Saroj amerudi.

Alifika kwenye uzio miguu peku. Saroj alikuwa anashusha mabeseni matupu, akamwona, akaendelea kushusha.

"Wifi, nipe sukari."

Saroj aligeuka polepole. Wiki nzima alikuwa amejiandalia maneno na sasa aliyaona yamefika mlangoni yenyewe.

"Sijakusikia."

"Nipe sukari, haraka."

"Kumbe bado inaitwa sukari. Mimi nilidhani siku hizi inaitwa sumu. Si ulisema huihitaji?"

"Saroj, ni Baba. Hajala tangu asubuhi na amemeza vidonge. Hanijui mimi ni nani."

Saroj aliangalia shavu lake jekundu, na uso ukambadilika. Alinyakua sufuria ya shira iliyobaki, akapita kwenye tundu la uzio akirarua nguo.

Mzee alikuwa bado anaweza kumeza. Rookmeen alimshika kichwa, Saroj akamnywesha kwa kijiko, kidogo kidogo, hata mmoja asimtazame mwenzake. Shira ilitiririka kidevuni na shingoni. Saroj alikuwa analia na kutukana kwa wakati mmoja.

"Ukimuua, Rookmeen, haki ya Mungu."

"Mpe polepole, asipaliwe."

"Usinifundishe kumlisha baba yangu."

Baada ya muda kutetemeka kukapungua. Mzee alifumba macho, akafumbua, akalamba midomo. Akamwona Rookmeen yuko karibu sana na uso wake.

"Huyu anataka nini?" aliuliza.

Anoop aliwakuta hivyo, wakampeleka hospitali kwa lori. Daktari, kijana mwenye haraka, aliwaambia wote watatu. Vidonge vile vinashusha sukari hata kama mtu hajala, kwa hiyo asimeze bila kula. Waliomnywesha shira walimwokoa. Na shira hiyo hiyo, na halua, na chai ya vijiko vinne, ndivyo vitakavyomkata miguu. Kila mwanamke alibeba nusu ya maneno hayo iliyomfaa. Kesho yake Saroj alieleza dukani na hekaluni kwamba wifi yake alimnyima mzee sukari mpaka akaanza kuongea na maiti. Rookmeen aliponunua sabuni, mwenye duka alimuuliza kama na chumvi nayo ameipiga marufuku.

Mzee aliamua kuhamia kwa binti yake. Anoop alibeba kitanda. Rookmeen alikunja nguo za baba mkwe wake na kuzipanga sandukuni, naye mzee amekaa kitini akimsimamia kama anayesimamia mwizi.

"Utafurahi sasa," alisema. "Utakuwa peke yako na maji yako ya vyombo."

Rookmeen aliliacha shati alilokuwa analikunja.

"Baba, sukari sikuiondoa kwa kuwa nakuchukia. Sababu ya kukuchukia ni nyingine."

"Sema."

"Mama. Nilimwosha kile kidonda cha mguu miaka miwili. Mguu ulikatwa chini ya goti, ukakatwa tena juu. Mimi nikitoka kumwaga maji machafu, nakukuta wewe umeketi kitandani unamlisha halua. Mpaka hospitalini ulimwingizia ndani ya koti."

Mlangoni Anoop alisimama na mto mkononi. Kwa mara ya kwanza hakuwa na sahani ya kutazama.

Mzee alishika fimbo yake kwa mikono miwili. Aliposema sauti yake haikuwa ya ugomvi.

"Alikuwa ananiomba. Mguu hana, kitanda hatoki, ananiomba kitu kitamu. Nimemwoa nikiwa mpishi wa sukari. Ningemwambia nini?"

"Aliniomba na mimi. Kila siku aliniomba. Nilimnyima."

"Najua," alisema mzee. "Aliniambia. Alisema mke wa Anoop ana roho ya jiwe."

Rookmeen alihisi maneno yale yamemwingia mahali ambapo kofi halikufika. Alifunga sanduku.

"Basi alikufa ananijua," alisema.

Mzee alinyanyuka, akachukua sanduku mwenyewe ingawa lilimwelemea, akatoka. Hakuna aliyeomba msamaha, wala siku ile wala baadaye.

Saroj alijenga ukuta wa matofali mahali pa uzio. Anoop ndiye aliyeyaleta kwa lori, maana damu yake ilianza kutulia na hawakumnyang'anya leseni. Lakini Saroj bado alikuwa na soko lake, na siku za soko mzee alibaki peke yake na vidonge. Siku ya kwanza ya namna hiyo Rookmeen alisikia fimbo ikigonga lami. Mzee alikuwa amezunguka kwa barabara kuu, umbali wote huo, kwa kuwa ukuta haukuwa na tundu. Aliingia bila kubisha, akakaa mezani. Rookmeen alimwekea wali, dengu na samaki. Chai ilikuwa kavu. Alikula vyote, akanywa, akameza kidonge chake, akasukuma sahani mbele.

"Chumvi imezidi," alisema.

"Kesho utapunguziwa," Rookmeen alijibu, akaondoa sahani.