Mvuke wa Mama Oyoo

"Mimi nakula hewa tu, na hata hiyo inanichagua," Mathe, mamangu, aliniambia akisukuma kikombe ya uji. Joke yake hiyo, si yangu. Kansa ilikuwa imetoka kwa titi ikapanda kifua, dawa za hospitali zinamtapisha, na alikuwa amebaki mifupa na leso.

Halafu Ivyne, binti ya auntie yangu, nurse huko majuu, akakuja likizo akatuachia vape. Si ile ya vijana ya ladha ya strawberry. Hii unaweka bangi kidogo, inapashwa moto bila kuungua, unavuta mvuke. Moshi kifua yake haingeweza. Siku ya kwanza alivuta mara mbili, akaniuliza, "Oyoo, kwani leo hakuna omena?"

Nilienda jikoni nikasonga ugali nikilia.

Shida ni kwamba tunakaa plot ya kupanga ya Mzee Kibe, hapa Dagoretti Corner, na kwa geti amepiga rangi nyekundu: HAKUNA JIKO KWA KORIDO. HAKUNA SHISHA. HAKUNA VAPE. Ongeza serikali, ambayo haitaki kuskia bangi hata kama wewe ni mgonjwa wa kufa. So nikafanya kitu najua kufanya: kudanganya. Niliacha chuo mwaka wa tatu, nilikuwa nasomea mambo ya maabara, na plot nzima huniita Daki, yaani daktari. Nikabandika karatasi kwa hiyo kitu: MASHINE YA ASTHMA. Nani atabishana na Daki? Mathe akivuta, mimi naunguza omena makusudi ndio harufu ipotee. Majirani wakasema ndio maana sijapata bibi.

Jumapili moja watu wametoka kanisa, mlango ikagongwa kama ni polisi. Alikuwa Nyawira, jirani wa chini, hana viatu.

"Daki! Baba Shiko hapumui! Ile yake ya kupuliza imeisha. Nipe mashine!"

Baba Shiko ni bwana yake, Waithaka, makanika. Jitu la mtu, lakini asthma ikimshika anakuwa mdogo kama mtoto.

Sasa, kwa plot hunyimi mtu kitu ya kuazima. Chumvi, pasi, ngazi, unatoa tu.

"Imeharibika," nikasema.

"Imeharibika na inawaka?" Alikuwa ameiona kwa mkono ya Mathe. Akaenda akaishika. "Mama Oyoo, nakuomba. Nitarudisha sai sai."

Nilikuwa bado natafuta uongo ingine. Mathe hakungoja.

"Nyawira mwanangu, hiyo ni bangi. Usimpee, utamuua. Oyoo, enda umbebe!"

Tulimbeba watu wanne hadi kwa gari ya Kibe, Kibe mwenyewe akaendesha akipiga honi njia yote. Jioni Waithaka alirudi anapumua, anauliza kama kuna chapati.

Jumanne Kibe akaita mkutano pale parking.

"Daki, ningemwekea hiyo kitu kwa mdomo," Nyawira akaanza. "Ungekuja matanga na sura gani?"

Alikuwa na haki.

"Nilidanganya," nikasema. "Lakini ingekuwa inaruhusiwa si ningeandika jina yake? Hapa kuna mtu huvuta sigara kwa ngazi watoto wakipita, na mnamwita boss. Mamangu anataka tu kula."

"Leo ni mgonjwa mmoja," mtu akasema nyuma, "kesho plot yote itakuwa wagonjwa!" Watu wakacheka.

Kibe hakucheka. "Kijana, mimi sina ubaya na mama yako. Bibi yangu akifariki ni yeye alipikia matanga yote. Lakini askari wakinusa hawataniuliza bangi ni ya nani. Wataniuliza plot ni ya nani. Avutie nje ya geti."

"Nje ya geti ni barabara, mzee. Na hawezi kushuka ngazi."

"Nitambeba mimi," Waithaka akasema, sauti bado inakwaruza.

Na kweli kesho yake alimbeba na kiti ya plastiki hadi gereji yake, akamkalisha kiti ya nyuma ya Probox ya kastoma. Mathe alikuwa ameivuta mara moja tu, mama wa kanisa akachungulia kwa dirisha kumsalimia. Mathe akaficha vape chini ya leso.

"Nimeleta gari itengenezwe," akasema. Na hajawahi kuwa na hata baiskeli.

Tukifika nyumba akaniambia, "Usinirudishe huko."

"Mathe, hiyo sheria ni ujinga."

"Najua ni ujinga. Lakini wuoda, mwanangu, mimi nimefundisha Sunday school. Siwezi kumalizikia kwa gari ya mtu nikijificha kama mwizi."

Akaacha kuvuta. Mimi nikapika, na ajabu ni kwamba sahani zilikuwa zinarudi tupu. Nikafurahi, nikamringia hata Waithaka. Mpaka nikabadilisha mto yake nikapata chakula yote huko chini, ugali na omena, imefungwa kwa serviette vizuri kama zawadi. Alikuwa amenichezea mchezo safi, na mimi mzima sikushuku.

Nikachomeka hiyo mashine kwa stima. Nikafungua dirisha, nikafungua mlango wazi. Omena sikugusa. Harufu ikashuka plot nzima, na Waithaka akapanda akakaa kwa ngazi, amejaa kama lango.

"Vuta, Mathe."

Midomo yake ikashika. Nikangoja. Hakuna kitu iliingia.

"Pole pole. Tena."

Huko nje nikaskia Waithaka, "Mzee, leo hupiti." Kibe akasema kitu kwa sauti ya chini, na Waithaka akasonga. Kibe akasimama mlangoni. Akamwangalia Mathe, akatoa kofia.

"Mpe tu, Daki. Mpe. Hao askari nitajua vile nitaongea nao."

"Nampa, mzee," nikamwambia. "Ni kuvuta ndio hawezi."