Mtu Aliyeijua Maana ya Picha

Mjini Tartu, enzi za utawala wa kikomunisti, rafiki zake walimtania Vaike Soosaar kwamba ana mikono miwili isiyojuana. Mmoja ulichora wakamua maziwa wenye mashavu mekundu na matrekta mapya, picha zilizokipendeza Chama cha Wachoraji. Wa pili ulichora nyumbani, Jumapili, picha zisizo na mtu wala mti: mabaka ya kijivu, mstari mweusi, bluu iliyobanwa pembeni. Rafiki wachache walikuja, wakazitazama kimya, wakaondoka wametulia. Katika nchi ambayo kila picha ilitakiwa isifu kitu, picha isiyosifu chochote ilikuwa imeshasema.

Aliyejua zaidi ya hapo ni Heldur peke yake, aliyesoma na Vaike na kulibeba jeneza la mama yake Vaike. Vaike alimwambia kwamba ile picha kubwa ya kijivu ni asubuhi ya Machi, dada yake alipopakiwa kwenye behewa la ng'ombe kupelekwa uhamishoni Siberia. Bluu ni shali aliyojifunga.

Theluji ilipoanza kuyeyuka, Vaike akaitwa mbele ya kamati ya chama. Picha zake za Jumapili, zilizoletwa kutoka nyumbani kwake, zilishatundikwa ukutani. Hakubabaika, alieleza kuwa ni majaribio tu ya michoro ya mapazia, kwa ajili ya kiwanda cha nguo. Mwenyekiti, mzee aliyechoka, alitaka kuamini.

"Mapazia yenyewe mabaya," alisema. "Tumpe onyo, tukale."

Hapo Heldur akasimama. Vaike alidhani anasimama kumtetea, hata akamtabasamia.

"Komredi mwenyekiti, hayo si mapazia," Heldur alisema, macho sakafuni. "Hilo ni behewa. Na hiyo bluu ni dada yake."

Wote wakamgeukia Vaike. Neno moja la kukana lingemwokoa. Lakini kumkana dada yake mbele ya watu wale kulimshinda.

Alifukuzwa chamani, picha zikachukuliwa, akaishia kupaka nyuso za wanasesere kiwandani. Karakana yake ya kuchorea, yenye dirisha kubwa, akapewa Heldur.

Walikutana kiangazi, kwenye foleni ya samaki.

"Walinibana, Vaike," Heldur alimnong'oneza. "Binti yangu walitaka kumnyima chuo. Ungekuwa wewe ungefanyaje?"

"Ungesema sijui kuchora. Ungesema nina wazimu. Hayo ningekusamehe," Vaike alijibu. "Lakini siri ya dada yangu nilikupa wewe, Heldur. Sikuipa kamati."

Mwanamke aliyekuwa nyuma yao akanung'unika kwamba foleni imesogea. Vaike akasogea.

Majira ya baridi alishika brashi tena, na rafiki waliobaki wakaanza kubisha hodi Jumapili. Hawakuwa na kosa, naye alilijua hilo. Ila kila alipowatazama wakiitazama picha, alijikuta akijiuliza ni yupi kati yao atakayesimama siku nyingine. Mwishowe akawa hafungui mlango.