Mtaa Usio na Teja Hata Mmoja

Uliona, ukageuza shingo. Usijitetee. Nilikuwa juu ya ngazi nikipaka rangi bango la kinyozi, na mtu aliye juu ya ngazi huwaona hata wanaomkwepa. Ulipita mbele ya dirisha la karakana ya sare saa nne asubuhi, ukamwona mwanamke amelaza shavu juu ya cherehani, mdomo wazi, mguu bado unakanyaga pedali. Ukatoa simu ukaitazama. Simu haikuwa imeita.

Mwanamke yule ni dada yangu.

Mimi ni mchora mabango. Shule niliiacha darasa la tatu. Kusoma kwa kweli nilifunzwa na huyo dada, kwenye magazeti makuukuu aliyokuwa akikatia vipimo vya nguo, ndiyo maana habari nyingi nilizosoma utotoni zilikuwa na umbo la mkono wa shati, hazina mwanzo wala mwisho. Lakini nilizishika. Hilo ndilo linalowakera watu mtaani kwetu, kwamba mimi nashika.

Nakumbuka bangi ilipokuwa ya wabeba magunia wa kinuni. Walivuta nyuma ya ukuta, nasi tukacheka, tukasema waacheni, gunia halibebwi na maji matupu. Nakumbuka fundi viatu alipoanza kuufungia mkebe wake wa gundi kwa kufuli, tukasema watoto wanaoinusa wenyewe hawana kwao. Ukaingia unga, vijana wakawa wanasinzia wima kama kuku wenye kideri. Hapo tukasema umeletwa na watu wa ng'ambo ya reli. Nilikwenda ng'ambo ya reli kuchora bango la duka, nikawakuta wanasema umeletwa na sisi. Kisha dawa ya kikohozi, chupa kwa chupa, mwaka ambao hakuna aliyekohoa. Ulevi ulikuwa unabadili nguo, na sisi tulikuwa tunabadili mtu wa kumlaumu. Mficha maradhi, kilio humuumbua, ndivyo tulivyofundishwa. Sisi tumejifunza kuficha hata kilio.

Miaka miwili iliyopita nilichoka, nikaitisha mkutano wa mtaa. Ni mimi niliyepanda juu ya meza, ni mimi niliyesema tuandike orodha. Niliiandika mwenyewe kwa mwandiko wangu wa mabango: majina kumi na moja, wote vijana wa kona ya kinu. Sikumwandika mwanamke. Sikumwandika mtu mwenye kazi. Kwa akili yangu, teja alikuwa mtu anayekaa kona, na asiyekaa kona hawezi kuwa teja. Gari la polisi likaja mchana likawazoa. Wawili walirudi ndani ya sanduku. Mwenyekiti wa mtaa, ambaye ndiye mwenye kinu, akanipa kazi ya kuchora bango la kuingilia: MTAA HUU HAUNA DAWA ZA KULEVYA. Herufi nyekundu zenye kivuli cheusi. Nilijivunia sana kile kivuli.

Nilipokuwa nikikichora, vidonge vilikuwa tayari ndani ya mikebe ya vifungo kule karakana.

Karakana ile ilikuwa ghala la mbolea. Ina cherehani kumi na nane na bati lisilo na dari. Shule zikikaribia kufunguliwa, wanawake huinama pale tangu alfajiri hadi jua linazama, na mgongo wa fundi cherehani ni kitu kinachokufa kabla ya mwenyewe. Msimamizi wao, wanayemwita Mama Mkasi, alikuwa na kiuno kibovu kuliko wote, na ndiye aliyetangulia kuleta kidonge. Kidonge cha maumivu cha rangi mbili, kutoka duka la dawa la hapo jirani, lile lenye pazia safi na mizani ya kupimia watoto. Walikiita shikamgongo. Kimoja asubuhi kwa chai. Hakuna aliyekihesabu kuwa ulevi, maana ulevi hauji na karatasi ya maelezo ndani ya boksi. Kikawa viwili, vikawa vitano, na cha sita cha kurudi nacho nyumbani, usije ukawamaliza watoto kwa makofi. Asiyemeza alishona kola ishirini wenzake wakishona arobaini, akaitwa mzigo. Fundi mpya alipofika alikabidhiwa sindano, uzi, na vidonge viwili vya kukaribishwa.

Nililijua hili mwezi uliopita, kwa macho yangu. Waliniita nichore namba kwenye mashine zao. Dada alikuwa anashona kola nyeupe. Sindano ikamwingia kwenye ukucha wa kidole cha shahada, ikatokea upande wa pili, ikapanda, ikashuka tena, damu ikaenea kwenye kola. Hakushtuka. Alikuwa anashangaa tu kwa nini kola haisogei. Mimi ndiye niliyepiga yowe. Yeye alikitazama kile kidole kama cha jirani, akaniuliza taratibu:

"Uzi umekatika?"

Aliyekaa pembeni yake alizungusha gurudumu kwa mkono, akaitoa sindano, akamfunga kidole kwa kipande cha kitambaa. Mashine nyingine kumi na sita hazikunyamaza. Mmoja akasema, bila kuinua macho, kwamba sare nyekundu ni za ile shule nyingine, mama, usituharibie hesabu. Wakacheka. Dada naye akacheka. Nimesikia matusi mengi maishani, lakini sijasikia kitu kilichonichoma kama kicheko kile.

Dada anakaa chumba cha nyuma ya changu tangu alipofiwa na mume. Nilimwambia aache, nikidhani kuacha ni neno. Akaacha. Siku ya kwanza alitoka jasho mpaka godoro likalowa. Siku ya pili miguu ilikataa kutulia, na kila alichokunywa kilirudi. Siku ya tatu alianguka kifafa, yeye ambaye hakuwahi kuugua kifafa, akauma ulimi. Siku ya nne alirudia vidonge, siku ya tano akarudi kazini. Hiyo siku ya tano ndiyo uliyompitia dirishani.

Jioni ile aliketi kitandani, kile kidole kimevimba kama kitunguu, akaniambia:

"Nipeleke popote. Ila mimi usije ukanichora ukutani."

Kwenye kliniki muuguzi alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akanigombeza, na nilistahili. Alisema dawa ile haikatwi kwa siku moja kama kamba. Mwili uliokwisha kuizoea ukinyang'anywa ghafla unaweza kumuua mtu. Hupunguzwa kidogo kidogo, mtu akiwa anatazamwa. Kitanda kimoja kilikuwa wazi, angenishikia hadi Ijumaa saa sita mchana. Alitaka barua ya mwenyekiti inayosema dada ni mkazi na inajulikana anatumia. Mwenyekiti akikataa, basi majirani kumi watie sahihi, kila mmoja na namba ya nyumba yake. Nikacheka moyoni. Nikasema mwenyekiti ni mtu wangu.

Nilimkuta kinuni, nyusi nyeupe kwa unga wa mahindi. Alinikaribisha, akanitania kuwa siku hizi nachora mpaka makalio ya cherehani. Nilipomweleza, utani ulimkauka. Alisema dada yangu ni mtu wa heshima zake, amemshonea hata mjukuu wake, nisimvue nguo hadharani.

"Mtaa wangu hauna teja," akasema. "Nani alisema? Wewe. Kwa rangi nyekundu."

"Nilikosea, mzee."

"Basi kosa lako lisinitie doa mimi. Wiki ijayo wanakuja wageni kuuangalia mtaa wa mfano, watuwekee taa za barabarani. Nikiwaandikia kuna mmoja, si wataniuliza wa pili yuko wapi?"

"Wako wengine kumi na saba, mzee. Pale karakana."

Alinyoosha mkono akabonyeza swichi, kinu kikanijibu badala yake.

Nikaanza kubisha hodi nyumba kwa nyumba na karatasi yangu. Mwenye duka la dawa alinipa maji baridi, akasema hapendi kuingilia mambo ya familia za watu. Mama Mkasi alilia, kisha akasema akiandika la mwenzake atakuwa ameandika lake. Kinyozi alisema angesaini ila ana mteja, na kiti kilikuwa kitupu. Wewe uliniambia nirudi baadaye, mtoto amelala. Nyuma yako mtoto alikuwa anaimba.

Mlango mmoja niliupita mara tatu nikijifanya nausahau. Ni kwa mama wa kijana tuliyemwita Spoku, aliyekuwa wa sita kwenye orodha yangu, mmoja wa wale wawili wa sanduku. Mara ya nne aliufungua kabla sijabisha. Akaichukua karatasi, akaisoma yote, mdomo ukifuata maneno.

"Mwanangu ulimwandika hukuniuliza," akasema. "Hata hodi hukupiga."

"Nisamehe, mama."

"Hilo la siku nyingine. Lete kalamu."

Alitia sahihi akikandamiza mpaka karatasi ikakaribia kutoboka. Nikadhani amemalizana nami. Kumbe anatafuta kandambili. Alinitangulia mwenyewe hadi kwa wanawake wengine watatu, kila mmoja ana mtoto aliyebebwa na lile gari, na kila mlangoni alisema jambo moja tu: huyu ndiye aliyewaandika wetu, sasa ana wake, msimfanye alivyotufanya. Wakasaini. Mmoja hakunitazama usoni. Mwingine alinitazama muda mrefu, nikatamani angefanya kama mwenzake.

Kwa hiyo ninazo sahihi nne, zote za nyumba nilizozibomoa mimi. Watu ambao sikuwahi kuwagusa, ambao bango langu liliwapa usingizi mtamu, hawajaandika hata nukta.

Leo ni Alhamisi. Dada amelala upande, magoti kifuani, anameza kwa saa kama muuguzi alivyoagiza, nami namshikia vidonge mfukoni maana akivishika yeye havifiki kesho. Karakana imeshamweka mtu mwingine kwenye mashine yake, na nimeambiwa binti huyo mpya ana kasi sana. Kesho saa sita mchana kitanda kinakwenda kwa mwingine. Atakaporudi kuanguka hapa chumbani, mtakuja mazishini mmevaa vizuri, mtasema alikuwa mkimya, alijua kushona.

Sitaki uje mazishini. Sitaki pole yako wala dua yako ya mbali. Karatasi iko juu ya kiti mlangoni kwangu, imebaki mistari sita, na wa kwanza kati ya hiyo ni wako. Mtoto anayelala akiimba mwache aimbe. Inuka hapo ulipo, vaa viatu, njoo uandike jina lako na namba ya nyumba yako. Sasa hivi, siyo ukimaliza kusoma.