Pacha wa Kiti cha Malkia

Jamani, kiti changu hakikaliwi! Mtaa mzima hapa Iringa unajua. Kilichongwa Uingereza enzi za Malkia Viktoria: egemeo la duara, maua ya kuchonga kwa mkono, miguu yenye vigurudumu vya shaba. Mume wangu mwenyewe, Baba Lugano, hunywa chai amesimama.

Na kina pacha wake, kwa Mzee Makame wa Mbeya. Nilimsumbua kwa simu aniachie mpaka akasalimu amri. Anahamia kwa mwanawe, nafasi hakuna. "Nitakuleteeni, Mama Lugano," akasema, "ila kwanza nione mnavyokitunza chenu. Nisiporidhika narudi nacho." Nikapiga vigelegele peke yangu jikoni.

Siku moja kabla hajafika nikaenda Ruaha Mbuyuni kufuata vitunguu vya pilau, funguo nikamwachia jirani yangu Fanueli. Narudi, kumbe kuna msiba nyumba ya tatu, na sebuleni kiti hakipo! Mara Fanueli huyo, amekibeba kichwani, anatabasamu. Kwenye egemeo, rangi ya mafuta ya bluu: MAMA LUGANO.

"Fanueli! Umefanya nini?"

"Vya msibani si lazima viandikwe jina, mama? Visipotee."

"Na viti vya plastiki hukuviona?"

"Mchungaji akalie plastiki?"

Nilimporomoshea maneno ambayo Mchungaji asingeyapenda hata kidogo.

Kesho yake Mzee Makame alifika na kiti chake, akanikuta nasugua changu kwa mafuta ya taa. MAMA ilishafutika, imeondoka na vanishi yake. LUGANO imegoma. Mzee akainama kulisoma. Nikajua pacha anarudi Mbeya, na machozi yakanitoka mbele ya mgeni.

Akakipindua kiti chake. Chini yake, kwa rangi nyekundu iliyochakaa: MWANAKHAMISI.

"Mama yangu huyo," akasema. "Kiti hiki kimekwenda misiba yote ya mtaani kwetu, na kila mara kilirudi. Njiani nilikuwa na hofu moja tu, Mama Lugano: nisije nikakuta chenu hakijawahi kukaliwa na mtu."

Uso ulinishuka. Fanueli, aliyekuja kuomba radhi na bado amesimama mlangoni, akafungua mdomo, nikamkata jicho.

"Hakijakaliwa?" nikasema. "Hapa kwangu? Fanueli, baba, mbona umesimama kama mgeni? Kaa!"

Akasitasita, maskini, akanitazama mimi, akakitazama kiti. Alikuwa amechelewa. Baba Lugano alishakaa, kikombe mkononi, miguu ameinyoosha.