Mgongo wa Mtungi

"Mgongoni hamkupaka dhahabu," alisema Bwana Gaudry, mfanyabiashara aliyewaletea kazi, akiuzungusha juu ya meza mtungi wa marumaru ya kijani uliovikwa mapambo ya shaba.

Perrine hakuinua uso. Aliendelea kusugua kichwa cha kondoo cha shaba, pambo la mtungi wa pili, kwa jiwe lake la kung'arishia. Mitungi ilikuwa miwili, pambo la sebule ya bibi mmoja mkubwa, na hakuna fundi Paris asiyejua kwamba mgongo wa mtungi haupakwi, maana unatazama ukuta.

"Ukuta hauna macho, bwana."

"Bibi ametundika kioo nyuma ya mitungi. Wageni wataona shaba tupu. Aibu gani hiyo! Irudisheni motoni leo hii."

Pale kwenye makaa, Anselme, mumewe, alikwisha inuka. Hakuwa mzee, lakini meno yalikuwa yamemtoka na mikono ilimtetemeka hata vifungo vya shati alifungiwa na mkewe. Ilikuwa kazi ya zebaki hiyo. Dhahabu huchanganywa nayo, hupakwa kwenye shaba, kisha huchomwa mpaka zebaki yote iishe kwa moshi, na moshi huo humwingia kifuani anayeshika koleo. Daktari alikwisha mkataza kabisa. Anselme akatia kipande cha dhahabu mdomoni, kama wafanyavyo wenzake wote, wakiamini kitanyonya sumu. Upuuzi mtupu! Perrine alikuwa amewazika wangapi waliokufa na vipande vyao mdomoni?

"Kaa chini, Anselme!"

"We mwanamke, usinitie aibu mbele ya bwana."

"Acha asikie! Unataka kufa ili mtungi upendeze kwenye kioo?"

Bwana Gaudry alicheka. "Mama, mumeo ni fundi. Mwache afanye ufundi wake."

Kile kicheko ndicho kilichomchoma. Perrine alinyakua ndoo ya maji akaimwaga yote juu ya makaa. Jivu liliruka, likatapakaa kwenye soksi nyeupe za hariri za Bwana Gaudry.

"Kazi kwangu hampati tena! Wala kwa yeyote mtaa huu!"

"Basi beba mawe yako, utoke!"

Bwana Gaudry alitoka ameukumbatia mtungi mmoja, akimfokea dereva wa gari lake la farasi aje achukue wa pili. Nje theluji ilikuwa ikianguka.

"Sasa tutakula nini?" aliuliza Anselme.

"Sijui. Ila mezani tutakuwa wawili."

Mlango ulibaki wazi. Theluji iliingia mpaka katikati ya chumba, na hakuna aliyekwenda kuufunga.