Kiwambo Kisicholala

Jumatatu ya kwanza ya Mfunguo Sita, asubuhi ya ukungu mzito uliogoma kupanda, nchi ya Mulikasi iliamkia, kama kawaida yake, chini ya Kiwambo, kioo kikubwa cha kuonyeshea picha. Kilisimama juu ya Ikulu ya Mtukufu Zingifuri, kipana kuliko uwanja wa soko, na mafundi waliokiunda walikipangia mambo mawili: kisipoguswa kwa kitambo kionyeshe picha za kupitapita, na kikizidi kuachwa kilale, giza tupu, umeme wake urudi kwa raia. Zingifuri hakuyapenda yote mawili. Picha inayohama, alisema, inafanana na mtawala anayekimbia. Kiwambo kilicholala kinafanana na mtawala aliyekufa. Basi Waziri wa Mwanga, Kombozi, mtu wa sala na woga, akaingia kwenye mipangilio, akagandisha picha moja ya Mtukufu na kuchagua maneno mawili: Usilale Kamwe.

Tangu hapo uso wa Mtukufu ulitabasamu usiku na mchana mbele ya maghala yaliyofurika, na wenye njaa wakazoea kuuinamia wakipita. Na kwa kuwa desturi ya Mulikasi ilikataza kupeleka malalamiko picha ikiwa juu, maana picha ni dalili kwamba serikali inapumzika, hapakuwa tena na saa ya kulalamika.

Asubuhi hiyo mkunga Bi Msiwazi alimkuta Kombozi kwenye ngazi za Ikulu.

"Waziri, wodi ya wazazi haina umeme. Mwanao Nyamizi uchungu umemkaba, na mtoto amekaa vibaya. Daktari hawezi kupasua gizani."

"Washeni mishumaa," alisema Kombozi.

"Mishumaa tumeimalizia kwa watoto wa wenzio."

Kombozi akapanda mbio, akapiga magoti. "Mtukufu, kilale japo saa moja."

Zingifuri alikuwa akinyolewa. Alicheka mpaka povu likamrukia kinyozi. "Kombozi, we! Kiwambo kikilala, watu wataamka. Binti yako si wa kwanza kuzaa. Nenda kasali."

Akaenda, na akasali kweli, amesimama mbele ya vitufe vya Kiwambo, ambavyo mwenyewe alipiga marufuku visiguswe. "Mola, nimeogopa mtu kuliko Wewe. Nisamehe." Kisha akakilaza.

Kiwambo kilizimika. Uso haukuondoka. Miaka ya kutosogea ilikuwa imeuchoma ndani ya kioo. Maghala yalifutika yote, yakabaki macho na tabasamu la rangi ya majivu, kama maiti aliyesahauliwa kufumbwa macho. Sokoni muuza mihogo akavua kofia.

"Kumbe amefariki," alisema. "Mungu amrehemu."

Wengine wakaitikia, na dua ya wafu ikapanda mpaka kibarazani, alikotokea Zingifuri, ndevu nusu, akipunga mikono na kufoka kwamba yu hai. Lakini hakuna aliyemtazama, maana walizoea kumtafuta kwenye kioo.

Bondeni, madirisha ya wodi yakawaka. Hakuna habari yoyote iliyokuwa imefika kutoka huko, na askari hawakujua wamkamate nani kwa amri ya marehemu. Kombozi akashuka, akasimama katikati ya umati, akapaza sauti.

"Nyote mashahidi, na Mola shahidi mkuu. Mimi ndiye niliyekinyima usingizi, na mimi ndiye niliyekilaza. Mwanangu atoke na mtoto mkononi au atoke ndani ya jeneza, mkono huu hautakiwasha tena maadamu kuna mzazi mmoja gizani."