Kinga Iliyoachwa Rafuni

Watu wote wa karakana ya jamii pale Galbet, mjini Garissa, walifundishwa na Sirad kutumia meza ya rauta, mashine ya kuchongea mbao. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na minne, na kwa mambo ya mashine hakuwa na mzaha. Kila mgeni alimsimamisha mbele ya meza ile, akamwonyesha kisu kinachochungulia katikati yake, ambacho kikianza kuzunguka jicho halikioni tena. Ubao usukumwe kukabili mzunguko wa kisu, usifuatane nao. Vidole vikae mbali. Na kile kifuniko cha plastiki, kinga, kikitolewa kwa kazi maalumu, aliyekitoa akirudishe kabla hajaondoka.

Jumatano ile aliyekitoa ni yeye mwenyewe. Alikuwa akichonga ubao mpana wa kabati la madrasa na kinga ikamzuia. Alipomaliza, adhana ya alasiri ilikuwa imeshaanza. Akazima mashine, akaiweka kinga rafuni, akaenda kutawadha. Baada ya sala alipigiwa simu kwamba bintiye ana homa, akapitiliza nyumbani.

Asubuhi yake alikuwa nje akipokea mbao aliposikia mlio wa rauta ukibadilika ghafla. Alipoingia alimkuta Abdisamad, mzee fundi wa milango aliyehamia Garissa kutoka Mandera, ameketi sakafuni, mkono wa kushoto ameuzongazonga kwa kikoi.

"Zima mashine kwanza," mzee alisema, kwa sauti yake ya kila siku.

Hospitalini walimkata ncha za vidole viwili.

Ijumaa kamati ilikaa. Nunow, mwenyekiti, alikuwa ameshaandika taarifa: fundi hakufuata masharti. "Mzee macho yamepungua," alisema. "Sirad, si ulimfundisha?"

"Nilimfundisha."

Wote wakamtazama wakingoja aendelee. Hakuendelea. Nunow akafunga daftari, na Sirad akatoka na wenzake.

Jumapili alikwenda nyumbani kwa Abdisamad. Mzee alikuwa ameegemea mto, mkono uliofungwa bendeji ameulaza juu ya goti. Alimkaribisha chai. Sirad hakuigusa.

"Adeer, kinga niliitoa mimi," alisema, akimwita ami kwa heshima. "Nikasahau kuirudisha. Na kamati sikuwaambia."

Abdisamad aliutazama mkono wake. Nje mbuzi walikuwa wakigombania maganda.

"Ubao uliruka kisu kilipofika kwenye jicho lake, lile fundo gumu la mti," alisema mwishowe. "Mkono ukateleza. Niliona kinga haipo kabla sijawasha, abaayo, dada yangu. Nikasema, Sirad ndiye aliyekuwa hapa jana, atakuwa na sababu yake."

Afadhali angemtukana. Sirad aliinamisha kichwa.

"Waambie," mzee alisema. "Watoto wangu wanafikiri nimeanza kupofuka. Wameshaanza kunishika mkono nikivuka barabara."

Sirad alitoka hapo moja kwa moja hadi dukani kwa Nunow. Mwenyekiti alimsikiliza akipanga vitambaa. "Mambo yameshatulia," alisema. "Ukiyafukua, wafadhili wataifunga karakana."

"Basi waifunge. Andika upya."

Karakana haikufungwa. Taarifa iliandikwa upya, ikasomwa mbele ya wanachama wote, na Sirad akiwa amesimama. Alivuliwa kazi ya kufundisha. Fundi umeme akaletwa kuifungia rauta swichi isiyowaka kinga ikiwa haipo, na kila anayeitumia sasa hukaguliwa na mwenzake kwanza.

Abdisamad alirudi miezi mitatu baadaye. Alichukua meza ya pembeni, akawa anapiga randa kwa mkono, polepole, akijizoeza kushika upya. Sirad akimsalimu huitikia vizuri, na humuuliza hali ya bintiye. Lakini Sirad akisogea kwenye rauta, mzee huweka randa chini, huvaa viatu vyake, hutoka nje uani. Husimama huko akitazama barabara mpaka mlio ukome.